Je, Wajua? Moto wa Chinichini

Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, hupata joto na kupwita. Huo ni mchochota: kinga ya mwili iko kazini. Siku chache tu, umekwisha. Lakini wazee wengi wana mchochota mwingine, wa chinichini, usiouma wala kuonekana. Hudumu miaka, ukiharibu mishipa na viungo polepole.

Wachochezi wake? Baadhi ni seli zilizochakaa. Hazigawanyiki tena, na kufa hazitaki. Zinakaa tu, zikimwaga kemikali zinazochokoza jirani zao. Kitambi nacho humwaga kemikali kama hizo. (Na sisi tulidhani ni dalili ya neema!)

Ajabu zaidi iko Bolivia. Watsimane huishi msituni kwa kulima, kuvua na kuwinda. Kwa sababu ya minyoo na maambukizi mengine, damu yao imejaa dalili za mchochota. Ungetarajia mioyo mibovu. Wapi! Uchunguzi uliochapishwa 2017 ulipiga picha mioyo ya watu 705. Asilimia 85 hawakuwa na chembe ya chokaa kwenye mishipa ya moyo. Mtsimane wa miaka 80 alikuwa na mishipa kama ya Mmarekani wa miaka hamsini na kitu.