Siku ya Sita Kilimanjaro

Kila Desemba, Watanzania wengi hupanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, na jambo la kwanza wanaloulizia ni bei. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo safari ya siku tano kwa njia ya Marangu huonekana nafuu kuliko ya siku sita. Naamini unafuu huo ni wa kwenye karatasi tu. Mpandaji hulala Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu yuko Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, na saa sita usiku anaondoka kuelekea mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Madaktari wa nyanda za juu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hapa kiwango hicho hurukwa mara mbili. Mwili huanza kuhema upesi, lakini figo huhitaji siku kadhaa kurekebisha damu ili kuhema huko kusaidie. Asiyeupata muda huo kichwa humgonga, chakula humchefua. Akilazimisha, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Kiongozi makini humtembeza mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, na anayepepesuka huteremshwa usiku uleule.

Vijana wa mazoezi hujibu kwamba pumzi wanayo. Mazoezi huimarisha miguu, hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Tena mwenye nguvu ndiye hukimbilia juu kabla mwili haujawa tayari. Dawa ya asetazolamaidi husaidia kweli, ila haifuti haja ya kupanda taratibu. Hoja ya fedha ni nzito zaidi, maana siku moja ni ada, chakula na ujira wa watu. Lakini anayeishia Kibo amekwisha kulipia safari nzima, na akitaka kilele atalipa upya. Siku ya sita hutumika Horombo: unapanda hadi Mawe ya Pundamilia, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe, kisha unarudi kulala palepale. Asiyeimudu mwaka huu ni bora adunduize hadi mwakani. Wapagazi nao, wenye mizigo ya hadi kilo 20, hupandishwa kwa kasi ileile ya ratiba fupi, ingawa si wao walioichagua.