Mawaridi ya Ruiru na Marashi ya Maskati

Juzi nilitoka Thika, ninakofanya kazi, nikashuka Ruiru kumnunulia binti yangu mawaridi ya harusi. Yalikuwa mekundu, marefu, ya kupendeza. Nikayanusa: hayanukii! Muuzaji akacheka. "Mzee, haya huzalishwa yadumu safarini hadi Ulaya. Harufu haikutiliwa maanani."

Hapo nikakumbuka habari ya jumba la marashi la Amouage. Mwaka 1983, huko Maskati, Sultani Qaboos alitaka ufundi wa marashi wa Oman usipotee. Kazi akamkabidhi Sayyid Hamad bin Hamoud, wa ukoo ule ule wa Al-Busaidi uliotawala Unguja. Naye akamwita Mfaransa Guy Robert, aliyekuwa ameshatunga Calèche ya Hermès mwaka 1961. Robert alichukua ubani wa Dhofar, akautia ndani ya Gold, marashi ya kwanza ya jumba hilo. Leo huuzwa hata London.

Basi, ndugu msomaji, harufu nzuri hudumu pale inapotakiwa. Mawaridi nimeyaacha. Nimeagiza asumini kwa dada yangu Mombasa, zije na basi la usiku, zimefungwa kwa jani la mgomba.