Madoa ya Uso: Leza Si Hatua ya Kwanza

Tiba ya leza hunadiwa mijini kuwa njia ya haraka ya kuondoa madoa meusi usoni. Tiba hiyo inaweza kusaidia, lakini kwa mwenye ngozi nyeusi, ikitolewa bila uchunguzi, huweza kuzidisha weusi uleule unaokusudiwa kuondolewa, au kuacha mabaka meupe na makovu.

Sababu ni namna leza inavyofanya kazi. Mwanga wake hufyonzwa na melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, kisha hugeuka joto linaloivunja rangi hiyo. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi hata nje ya doa. Joto likizidi ngozi huungua, na ikishaungua hutengeneza rangi zaidi. Ndiyo maana wataalamu hupendelea leza ya mawimbi marefu, kama ile ya nanomita 1064, na huijaribu kwanza kwenye sehemu ndogo.

Madoa nayo hayana chanzo kimoja. Baadhi huachwa na chunusi. Melasma, yaani mabaka ya kahawia ya mashavuni na kwenye paji la uso, huhusishwa na jua, ujauzito na baadhi ya dawa za uzazi wa mpango. Ya ujauzito huweza kufifia baada ya kujifungua, na yaliyoondolewa kwa leza mara nyingi hurudi. Mengine hutokana na mkorogo: haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha weusi sugu, na zebaki hudhuru figo. Bako lililopauka na lisilohisi mguso huweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaopona kwa dawa zitolewazo bila malipo. Kulificha kwa vipodozi ni kukaribisha ulemavu.

Kwa hiyo, safari ya matibabu ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aende na vipodozi vyote anavyotumia, hata visivyo na lebo. Aliyezoea krimu zenye steroidi apate kwanza maelekezo ya tabibu, kwa kuwa zikiachwa ghafla uso huweza kuvimba na kuwasha. Ikibidi, atapewa rufaa hadi kwa mtaalamu wa ngozi. Wataalamu hao wamekuwa wakifunzwa KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992.

Matibabu mengi huanza na kofia pana, mafuta ya kuzuia mionzi ya jua na dawa za kupaka. Mkazi atakayeshauriwa kutumia leza aulize mambo matatu kabla ya kulipa: ugonjwa wake umetambuliwa kuwa upi, mhudumu amesajiliwa kwa taaluma gani, na je, mashine hiyo inafaa ngozi nyeusi? Asipopata majibu ya kueleweka, asikubali kuanza tiba. Arudi kwa tabibu aliyempa ushauri.