Mifumo isiyosikilizana: Funzo la Birmingham kwa wenye biashara

Siku ya Jumanne, tarehe 5 Septemba 2023, Baraza la Jiji la Birmingham nchini Uingereza lilitoa ilani inayojulikana kama ya kifungu cha 114. Maana yake ni kuwa baraza limekiri kwamba haliwezi kulinganisha mapato na matumizi yake, na kwamba linasimamisha matumizi yote mapya isipokuwa huduma zinazolazimishwa na sheria. Wasomaji wetu wanaoishi Small Heath, Sparkbrook na Handsworth wanakumbuka yaliyofuata: mwaka 2024 kodi ya baraza ilipandishwa kwa karibu asilimia 10, huku huduma za jiji zikipunguzwa.

Mzigo mkubwa ulitokana na madai ya malipo sawa baina ya wafanyakazi wanawake na wanaume, ambayo wakati ule baraza liliyakadiria kuwa kati ya pauni milioni 650 na 760. Hata hivyo palikuwa na jambo la pili, nalo ni mfumo wake mpya wa kompyuta. Tumeonelea leo tulitazame jambo hilo, kwa sababu lina somo kwa kila mwenye biashara, awe yuko Birmingham, Mombasa au Kariakoo.

Kuunganisha mifumo ni nini?

Tuchukue mfano wa duka la jumla. Mwenye duka ana daftari la mauzo, la stoo, la wadaiwa, la mishahara na la benki. Akiwa peke yake, madaftari yote huyaunganisha kichwani mwake. Biashara ikikua, kila daftari linakuwa programu ya kompyuta, na kila programu inakuwa na idara yake. Hapo kichwa kimoja hakitoshi tena.

Kuunganisha mifumo ni kuziwezesha programu hizo kupeana habari zenyewe. Bidhaa ikiuzwa, hesabu ya stoo ipungue, deni la mteja lionekane, na hesabu kuu ijue, bila karani kuandika jambo moja mara nne.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuunganisha kila programu na kila mwenzake moja kwa moja. Ukiwa na programu 4, viungo ni 6 tu. Zikifika 10, viungo vinakuwa 45, na ukibadilisha programu moja unalazimika kukagua viungo vyake vyote. Ya pili ni kuweka kituo kimoja katikati, mfano wa stendi kuu ya mabasi, kinachopokea ujumbe wa kila programu, kuutafsiri na kuufikisha unakotakiwa. Ya tatu ni kununua mfumo mmoja mkubwa unaobeba fedha, ununuzi, mishahara na watumishi kwa pamoja.

Nini kilitokea Birmingham?

Baraza lilikuwa likitumia mfumo wa SAP tangu mwaka 1999. Mwaka 2019 liliamua kuhamia mfumo wa kampuni ya Oracle, kwa bajeti ya awali ya takriban pauni milioni 19. Mfumo ulianza kazi Aprili 2022, zaidi ya mwaka mmoja nyuma ya ratiba. Katikati ya mwaka 2023 baraza lenyewe lilisema kuwa gharama huenda zikafikia pauni milioni 100.

Badala ya kubadilisha taratibu zake zifuate mfumo mpya, baraza liliufanyia mfumo marekebisho ili ufuate taratibu za zamani. Pigo kubwa lilikuwa kwenye usuluhisho wa hesabu za benki, yaani kazi ya kuoanisha kila fedha iliyoingia benki na ankara inayohusika. Sehemu hiyo ilipokwama, fedha zilikuwa zikiingia lakini mfumo haukuweza kusema ni za nani na za deni gani. Wafanyakazi walilazimika kuzioanisha kwa mkono, na baraza likashindwa kutoa hesabu za kuaminika kwa wakaguzi. Hatimaye liliamua kuusimika mfumo upya, safari hii ukiwa karibu na ulivyotoka kiwandani.

Mfano wa nyumbani

Nchini Tanzania, lango la malipo ya serikali linalojulikana kama GePG, lililoanza mwaka 2017, limelikabili tatizo hilo hilo kwa njia ya kituo cha katikati. Taasisi inapotaka kumtoza mwananchi, mfumo wake hupeleka ankara kwenye lango, na ankara hupewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo. Mwananchi hulipa benki au kwa simu kwa kutumia namba hiyo, na lango huiarifu taasisi kuwa ankara fulani imelipwa. Namba ile moja husafiri na fedha kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mfumo unaielewa kwa maana ile ile.

Wenye biashara wafanye nini?

Kabla ya kununua programu yoyote, tunashauri mambo matatu. Kwanza, andika kwenye karatasi safari ya shilingi moja katika biashara yako, tangu mteja anapoagiza hadi fedha inapoonekana benki. Pili, amua kila mteja, bidhaa na ankara itatambulika kwa namba gani, na namba hiyo itumike kila mahali. Tatu, endesha mfumo mpya sambamba na wa zamani kwa muda, na usiuzime wa zamani mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mifumo ya kompyuta, ufa huanzia pale programu mbili zinapokutana, na huko Birmingham gharama ya ukuta huo imewaangukia walipa kodi.