Mkono wa Kulia Umerudi Kazini, Vidole Viwili Vingali Njiani

Asubuhi ya Jumatatu niliporudi kazini, Wamagana ilikuwa imezama katika ukungu ulioteremka kutoka milima ya Nyandarua. Niliposhuka kwenye matatu iliyonitoa mjini Nyeri sikuliona lango la ofisi yetu mpaka nilipokuwa hatua chache nalo. Bawabu alikuwa pale pale nilipomwacha majuma sita nyuma, kajifunga koti lake kubwa. Aliponitambua alikuja mbio, mkono wa kulia umetangulia.

Hapo nilishikwa na haya. Watu wa Tetu, wasomaji wapenzi, hawaamkiani kwa ncha za vidole kama baadhi yetu huko Pwani. Mtu hukikamata kiganja chako akakitikisa kama avutaye maji kisimani. Na mkono wangu wa kulia ulikuwa na kovu jipya upande wa ndani wa kiwiko, na vidole viwili visivyojua kushika wala kushikwa. Sikuwa na la kufanya ila kutoa wa kushoto.

Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumdharau, na Ugikuyuni ni vivyo hivyo. Sisi twasema mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula. Wagikuyu nao huuita guoko kwa ũrĩo, neno lenye mzizi ule ule wa kula. Makabila mawili yaliyotenganishwa na mwendo wa siku nzima kwa gari, na yote mawili yameupa mkono huo jina la sahani.

Bawabu aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, kisha akacheka na kubadilisha wake.

"Sheikh," akasema, "leo umekuwa skauti!"

Alikuwa skauti alipokuwa shuleni, na hakuwa amesahau. Mwingereza Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti mwaka 1907, alimalizia maisha yake Nyeri, katika nyumba ndogo iliyo kwenye kiwanja cha hoteli ya Outspan. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko pale mjini. Wafuasi wake huamkiana kwa mkono wa kushoto duniani kote. Hivyo ndivyo mimi, mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, nilivyookolewa katika aibu na mzungu aliyekwisha kufa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Maradhi yangu hayakuanzia Wamagana. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilianguka kutoka juu ya mwembe huko Kisauni, nikavunjika karibu na kiwiko. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, hupita mshipa mmoja wa fahamu. Ndio ule ambao ukijigonga mezani hukupiga kama umeme mpaka kidole cha mwisho. Mfupa ukipinda, mshipa huo huvutwa na kusuguliwa kila ukunjapo mkono, na unaweza kustahimili miaka mingi kabla ya kuchoka. Panas, daktari wa Paris, aliandika habari za ugonjwa kama huu tangu mwaka 1878. Wangu ulistahimili miaka thelathini na ushei. Tena mimi niliusaidia kuchoka. Mchana nilikiegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza, simu sikioni, na usiku nililala mkono umekunjwa chini ya shavu.

Ganzi ilianza kwenye kidole cha mwisho, ikahamia nusu ya kidole cha pete. Nilidhani ni baridi, maana baridi ya Wamagana mwezi wa Julai si ya mchezo kwa mtu aliyezaliwa penye jasho. Nikavaa glavu. Mama akaniletea kwa basi mafuta ya habasoda, nikawa navikanda vidole asubuhi na jioni kwa miezi minne. Vikombe vikaendelea kunianguka.

Baadaye nilisoma kisa kilichonifanya nijicheke. Tabibu Jalinus, ambaye vingi vya vitabu vyake vilifasiriwa huko Baghdad katika karne ya 9 na Hunayn bin Ishaq, aliletewa mtu mmoja mjini Rumi aliyekuwa na ganzi katika kidole cha mwisho, cha pete, na nusu ya kile cha kati. Matabibu wengine walikuwa wakimpaka dawa vidoleni bila ya faida. Jalinus akamwuliza kama amewahi kuumia, akajibiwa kwamba alianguka kutoka garini akapiga mgongo juu ya jiwe. Basi akaviacha vidole, akautibu mgongo, na mtu yule akapona. Mimi na mafuta yangu ya habasoda tulikuwa upande wa wale matabibu wengine, miaka 1,800 baadaye.

Huko Nairobi daktari hakunipaka kitu. Alichukua ukurasa wa gazeti akaniambia niubane kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono kwa mkono, naye auvute. Gumba la kushoto lilikaa sawa. La kulia lilijikunja kama mzee aliyeshikwa na kiuno, na karatasi ikamfuata daktari. Kipimo hicho alikieleza Mfaransa Froment mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Nimelisoma gazeti maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba nalo linaweza kumsoma mtu.

Operesheni yenyewe si hadithi ndefu. Hupasua upande wa ndani wa kiwiko, huutoa mshipa katika mfereji wake wa nyuma, na kuuhamishia mbele, ambako hauvutwi tena mkono ukikunjwa. Curtis wa Marekani aliifanya mwaka 1898. Nyuzi zilitolewa baada ya majuma mawili, kidonda kikavu, safi, cha kupigiwa picha.

Na hapo ndipo matata yangu yalipoanza, kwa sababu kidonda huonekana na ganzi haionekani. Nyuzi za mshipa wa fahamu zilizokufa huota upya kwa mwendo wa milimita moja kwa siku, au karibu na hapo. Kutoka kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha mwisho, mkono wangu una milimita 400 na zaidi. Hesabu mwenyewe, msomaji.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Shirika letu la kukopesha wakulima, ambalo sina haja ya kulitaja, lilinipa hizo hizo, bila ya kupunguza wala kuongeza. Katika siku 14 mshipa wangu ulikuwa umekwenda milimita 14, yaani upana wa ukucha. Majuma manne yaliyobaki niliyafidia kwa likizo yangu ya mwaka ya siku 21 za kazi, ile ambayo kila mwaka huitunza kwa ajili ya Idi. Idi iliyofuata niliisali Nyeri. Waislamu wa huko walinikaribisha pilau, Mungu awajaze kheri, lakini mwenye mama Mombasa anajua ninachosema.

Mama mwenyewe alinipigia simu siku ile.

"Mwanangu, unakula kwa mkono gani?"

"Kwa kijiko, mama. Na kijiko kiko mkono wa kushoto."

Akanyamaza kitambo. "Haya. Udhuru ni udhuru. Lakini ukipona usizoee."

Habari za udhu nilikuwa nimekwisha kumwuliza imamu wakati bendeji ingalipo. Aliniambia nioshe palipo pazima, nipanguse maji juu ya bendeji, kisha nitayamamu. Kusujudu ndiko kulikonishinda zaidi, maana uzito huangukia viganjani, na cha kulia hakikuniambia kama kimegusa mkeka au hakikugusa.

Mkuu wetu wa ofisi si mtu mbaya. Alikiangalia kiwiko changu akasema, "Naona kimepona, bwana."

"Kidonda kimepona, mkubwa."

"Basi mafaili yamekungoja."

Yalikuwa yameningoja kweli, yamepandana mpaka usawa wa kidevu. Mshipa huo mmoja hutawala misuli mingi midogo ya kiganja, ile ya kushikia kalamu, kufungia vifungo na kugeuzia ufunguo. Kwenye kompyuta nilikuwa na vidole vinane tu vya kutegemea. Herufi za upande wa kulia zilijiandika mara tatu kwa sababu kidole kilichokufa ganzi hulalia vitufe bila ya habari. Mama mmoja wa masijala, mjane mwenye maneno machache, alinitazama siku mbili. Siku ya tatu alileta sweta kuukuu, akaikunja na kuifunga kwenye ukingo wa meza yangu ili kiwiko kisiguse mbao. Baada ya wiki akaja na mkono wa sufi aliousuka mwenyewe, wa kuvaa kutoka kifundoni mpaka juu ya kiwiko. "Baridi haipendi chuma wala mshipa," akasema, akarudi kwenye mafaili yake.

Lililonitia hofu ni saini. Mimi ni mmoja wa wawili wanaotia saini hundi za shirika. Katika juma la kwanza benki ilirudisha hundi mbili. Saini haikufanana na ile iliyowekwa kwao. Mkuu akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Saini isiponyooka, wadhifa atapewa mwingine, na wadhifa ukienda huenda na marupurupu yake. Mimi nina watoto wawili shuleni. Kila usiku nilikaa na karatasi, nikiiga saini yangu mwenyewe kama mwizi.

Moja ya hundi zile ilikuwa ya cucu mmoja, yaani bibi, mkulima wa chai. Alikuja kuniona, akaketi, akautazama mkono wangu.

"Ni wewe uliyenicheleweshea pesa?"

"Ni mimi, cucu. Niwie radhi. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

Alinionyesha vyake: gumba, cha shahada na cha kati, vile vile vya kuchumia majani mawili na kichipukizi. Usiku humwamsha kwa kuwaka moto, akavitikisa mpaka alfajiri. Huo ni mshipa mwingine, upitao katika kifundo cha mkono, lakini dalili nilizijua. Nikamwambia aende hospitali Nyeri asingoje kama nilivyongoja mimi.

"Nikikatwa, nitakaa siku ngapi bila kuchuma?"

Nikamwambia majuma kadhaa.

"Na hayo majuma nani ananilipa?"

Sikuwa na jibu. Siku 14 zangu, ambazo nilikuwa nimezinung'unikia kwa kila mtu, yeye hakuwa nazo hata moja. Alitia gumba lake kwenye wino, akalibonyeza juu ya karatasi mpya, nami nikaishika karatasi isiteleze.

Kesho yake niliacha kuiga. Nilikwenda benki Nyeri nikawaomba wabadilishe kielelezo cha saini yangu, nikaiandika ile iliyopinda mbele ya macho yao. Hundi ya cucu ilipita juma lile lile, na mkuu hakulitaja tena suala la wadhifa.

Sasa ni mwezi wa saba. Daktari alinifundisha kujigonga kwa ncha ya kidole kando ya njia ya mshipa. Pale ulipofika, mtu huhisi kama anatambaliwa na sisimizi. Mfaransa Tinel aliieleza alama hiyo, pia mwaka 1915, na yeye naye aliiita kwa jina la hao wadudu. Sisimizi wangu wameshapita nusu ya mkono, wanakaribia kifundo. Hata kalamu imeanza kutulia, herufi zimeanza kunyooka. Jumanne iliyopita benki ilirudisha hundi nyingine: saini, wamesema, ni nzuri mno kuliko ile waliyo nayo.