Mteja akikuuliza "foku ya Raleigh 28 unayo?", usikimbilie kutaja bei

Leo naongea na wale tunaouza spea za vitu vya zamani kwa simu. Mimi niko Kisesa, karibu na njia ya kupandia Bujora, nauza spea za baiskeli kuukuu kwa WhatsApp na Facebook. Duka sina. Nina stoo, rula na msumeno wa chuma.

Wengi mnaijua Bujora kwa Makumbusho ya Wasukuma, yale yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, na kwa ngoma za Bulabo mwezi wa sita. Mimi naijua kwa baiskeli. Huku Usukumani enzi za pamba, miaka ile ya 1950, mkulima akishalipwa pamba yake alikuwa anawaza baiskeli, na Raleigh ya kutoka Nottingham, Uingereza, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Baadaye zikaja Phoenix za China, zikaja za India, na sisi wenyewe tukawa na Swala ya NABICO kutoka Dar es Salaam. Zote hizo utaziona mpaka leo, zingine zimerithiwa mara mbili. Ndiyo maana nasema soko lipo, ila ni soko la kupima.

Juzi kati namhala mmoja wa huko juu Bujora alinipigia. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitika marahaba, akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, mjukuu wangu amenionyesha tangazo lako. Foku ya Raleigh 28 unayo?"

Nilikuwa na foku tatu stoo, na moja ni ya 28. Muuzaji mwenye haraka hapo anajibu "ipo mzee, elfu ishirini na tano, tuma kwenye namba hii." Mimi nikamuuliza ya kwake imekuwaje. Akasema ni baiskeli ya marehemu baba yake, foku imepasuka pale mabegani, yaani pale miguu miwili inapokutana na shingo. Fundi wa jirani alishamwambia ailete wachomelee.

Nikamwambia mzee, tafadhali, usichomelee. Na ninyi mkiulizwa semeni hivyo hivyo, hata kama huna cha kumuuzia. Keria ikichomelewa ikakatika, mzigo utaanguka. Foku ikikatika, gurudumu la mbele linabaki nyuma na mtu anatangulia na uso. Na yeye kila siku anashuka kile kilima mpaka barabara kubwa ya Musoma, kwenye malori. Kwa hiyo suala halikuwa elfu ishirini na tano.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo pesa inapopotea na malalamiko yanapoanzia.

Neno "28" halitoshi. Raleigh ya mzee, sawa na Phoenix zile kubwa, inavaa tairi lililoandikwa 28 x 1 1/2, na ukiangalia ubavuni utakuta pia 40-635. Hiyo 635 ni milimita za kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Lakini kuna matairi mengine, ya baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, yanaandikwa 28 vilevile, halafu ubavuni yana 622. Milimita 13 pungufu! Foku iliyotengenezewa gurudumu la 622 ukiiwekea la 635, tairi linaweza kusugua mabega. Kwa hiyo usimuulize mteja "ni saizi gani?" Mwambie apige picha ubavu wa tairi, namba zionekane.

Kuna breki. Raleigh za namna ile zina breki za fimbo, zinazovuta raba juu kukandamiza rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Foku yake ina mahali pa kushikia vyuma vya hiyo breki. Foku ya breki za waya ina tundu katikati ya mabega badala yake. Ukimpa hiyo, umemuuzia foku isiyo na breki.

Halafu urefu wa shingo. Shingo ikizidi unaikata kwa msumeno, ili mradi nyuzi zibaki za kutosha kwa nati. Ikipungua, hakuna cha kufanya. Mwambie apime ile ya zamani kuanzia juu ya mabega mpaka mwisho wa nyuzi.

Lakini kipimo ambacho kinawaangusha wauzaji wengi ni hizo nyuzi zenyewe, yale meno ya juu ya shingo ambako nati inazunguka. Baiskeli nyingi za kawaida za inchi moja zina meno 24 kwa kila inchi. Raleigh wa zamani walikuwa na utaratibu wao, meno 26. Kwa macho huoni tofauti. Kwa mkono ndiyo unaanza kuhisi: nati ya 24 kwenye shingo ya 26 inaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, inakuwa nzito. Fundi anachukua spana, anakaza kwa nguvu, na hapo umepoteza nati na shingo vyote viwili. Mteja atasema umemuuzia mbovu, na wewe utasema fundi wake ndiye mbovu.

Kuzijua ni rahisi na haihitaji mashine. Safisha nyuzi kwa brashi na mafuta ya taa, weka rula yenye inchi, hesabu meno ndani ya nusu inchi. Ukipata 12, hiyo ni 24. Ukipata 13, hiyo ni 26. Macho yakikataa, piga picha kwa simu ukuze. Mjukuu wa mzee alinitumia picha tatu, ya kwanza ina ukungu, ya tatu ikaonyesha vizuri. Kumi na tatu.

Foku yangu ya stoo ilikuwa ya 24.

Nikampa mzee njia mbili. Ya kwanza, achukue foku ya 24 lakini iende na vikombe vyake, gololi na nati zake zote, na fundi ahakikishe kwanza kwamba vikombe vinakaa vizuri kwenye fremu. Ya pili, anisubiri nimtafutie ya 26. Akacheka akasema baba yake alivuna misimu mingapi kuinunua ile baiskeli, yeye atashindwa kusubiri wiki mbili?

Nilianza kwa mafundi wa Kisesa, nikaenda Igoma kwa wauza vyuma chakavu. Dukani sikupoteza nauli, kwa sababu foku mpya nilizowahi kupima mimi zote ni za 24. Igoma nikakuta Raleigh nzima imelala chini ya mabati, fremu imeoza, rimu zimeliwa na kutu, lakini foku iko wima. Muuzaji hakutaka kuing'oa foku peke yake. Nikachukua yote kwa 40,000, na usafiri 6,000.

Kabla sijaipandisha kwenye gari niliikagua. Unapaka mafuta ya taa pale mabegani, unafuta mpaka pakauke, unapaka unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Haukutokea mstari. Nikaitazama kwa ubavu kama miguu yote miwili imepinda sawa, kwa sababu foku iliyogonga ukuta inarudi nyuma kidogo na rangi huwa inavimba chini ya mabega.

Hesabu ilikwenda hivi. Foku na vikombe vyake mzee alichukua kwa 35,000. Kifuniko cha cheni kikaenda 15,000, usukani na fimbo zake za breki 20,000, kengele 5,000. Jumla 75,000, toa 46,000, imebaki 29,000, na bado nina vipande stoo. Ningeinunua foku peke yake kwa bei ya foku, nisingeona kitu. Kwa spea za zamani, mara nyingi faida iko kwenye mzoga mzima.

Tangu hapo tangazo langu nimelibadilisha. Siandiki tena "foku ya Raleigh ipo, njoo inboksi." Naandika: "Foku ya Raleigh, breki za fimbo, gurudumu 635, meno 26, shingo sentimita kadhaa, inauzwa na vikombe na nati zake." Picha ya kwanza ni foku nzima, ya pili ni rula juu ya nyuzi. Wanaouliza bei tu na kupotea wamepungua. Wanaouliza sasa wanakuja na picha zao, na mmoja amenipigia kutoka Shinyanga kwa sababu ya ile namba 26 tu.

Na kuna kazi moja bado iko mezani. Kijana mmoja wa mbio hapa Mwanza ana Peugeot ya zamani ya mitumba, ile ya usukani wa pembe, foku imepinda. Hizo za Wafaransa, nyingi za kabla ya miaka ya 1980, zina vipimo vyao kabisa: shingo ni milimita 25 kwa nje, wakati ya kawaida ni 25.4, na meno yanapishana milimita moja kamili. Nimemwambia wazi kwamba sina, na pesa yake sijaipokea. Kama una mzoga wa Peugeot stoo kwako, usiniambie "ipo." Pima shingo, weka picha ya kipimo hapo chini kwenye komenti. Nataka 25, si 25.4.