Fahamu: Kwa nini binti wa Earl hamrithi baba yake?

Prince Louis alipozaliwa mwaka 2018, dada yake, Charlotte, hakusogezwa nyuma katika foleni ya kiti cha ufalme wa Uingereza. Sheria ya mwaka 2013 ilifuta upendeleo wa wavulana kwa waliozaliwa baada ya Oktoba 28, 2011.

Ajabu ni kwamba sheria hiyo haikugusa vyeo vya kimwinyi. Vyeo vya Duke na Earl, karibu vyote, bado huenda kwa wanaume. Pasipo mtoto wa kiume hutafutwa hata binamu wa mbali, mabinti wa marehemu wakiwa hai na akili zao timamu. Kinachowafunga ni hati ya mfalme iliyotunuku cheo hapo mwanzo: nyingi zinataja warithi wa kiume pekee.

Ila mwenye kujuana na mfalme alisikilizwa. Lord Mountbatten, jamaa wa mfalme aliyetunukiwa cheo cha Earl, hakuwa na mtoto wa kiume, na hati yake ikawaruhusu mabinti. Alipouawa mwaka 1979, binti yake mkubwa, Patricia, akashika cheo.

Hispania ilibadili sheria mwaka 2006: mzaliwa wa kwanza hurithi, awe wa kike au wa kiume. London, miswada ya aina hiyo imeshafia bungeni zaidi ya mara moja.